Kuomba fedha za umma kwa tuktuk za umeme za stesheni ya Miritini: mwongozo kwa vikundi vya Mombasa

Treni ya haraka inayoondoka Nairobi saa nne usiku hufika Miritini kabla ya adhana ya alfajiri. Wanaoteremka, awe mwanafunzi, mchuuzi wa Marikiti au mgonjwa aliyekwenda kutibiwa bara, hujikuta zaidi ya kilomita kumi kutoka kisiwani, na kati yao na Mwembe Tayari kuna Jomvu, Mikindani, Changamwe na Kibarani. Nauli ya saa ile huitaja dereva wa kwanza kuwakuta, naye huitaja kwa kutazama ukubwa wa mizigo na uchovu wa uso. Reli yenyewe ilijengwa kwa mikopo na fedha za umma. Ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini ulianzishwa mwaka 2013 kwa kiwango cha asilimia 1.5, na treni za abiria zikaanza mwaka 2017. Kipande cha kutoka mlango wa stesheni hadi mlango wa nyumba ndicho kilichobaki bila mpangilio, na ndicho ambacho madereva wa tuktuk wa Mombasa wanaweza kukitengeneza, iwapo watajua fedha za umma hutoka wapi, kwa njia gani na lini.

Nauweka ushauri wangu mkuu hapa mwanzo, ili msomaji asiye na muda aondoke nao. Kaunti iombeni steji, umeme na malipo ya huduma kwa saa ngumu. Vyombo vyenyewe vinunueni kwa mkopo wa kikundi. Vikundi vingi huanza kinyume chake, vikiandika barua ya kuomba tuktuk ishirini za bure, na barua hiyo hukosa pa kukaa katika bajeti, kwa sababu kaunti haiwezi kumpa mtu binafsi mali ya umma bila sheria au kanuni inayoiruhusu. Steji yenye kivuli na sehemu ya kuchaji ni mali ya umma, mkaguzi huiona kwa macho, na hubaki pale hata uongozi wa kikundi ukibadilika.

Nani mwenye nini

Kabla ya kuandika neno lolote, jueni ardhi mnayoisimamia ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliipa serikali kuu reli na barabara kuu za taifa, na likazipa kaunti barabara za kaunti, maegesho, taa za barabarani na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya stesheni ya Miritini yuko kwenye eneo la Shirika la Reli. Akitoka getini na kufika kwenye barabara kuu ya Nairobi yuko mikononi mwa mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KeNHA. Na akiingia barabara ya mtaani ya Jomvu au Changamwe ndipo anapokuwa kwa kaunti. Steji moja inaweza kugusa wenyewe watatu, na kila mmoja anaweza kukataa kwa kusema kwamba jambo hilo ni la mwenziwe.

Njia iliyo nyepesi ni kuchagua kiwanja kilichoko katika ardhi ya kaunti, mahali ambapo tuktuk zitalala na kuchaji, kisha kuomba Shirika la Reli kibali cha kuchukua na kushusha abiria tu ndani ya eneo lao. Kibali cha kusimama dakika kumi hupatikana kwa urahisi kuliko kibali cha kuchimba mtaro wa waya. Barua kwa Shirika la Reli itaje saa za treni, idadi ya vyombo vitakavyosimama kwa wakati mmoja, na jina la msimamizi wa zamu atakayewajibika pakitokea fujo, kwa sababu maafisa wa usalama wa stesheni hutaka kwanza kujua watamwita nani.

Kumbukeni pia mradi wa kuifufua reli ya zamani, ile nyembamba ya upana wa mita moja, kati ya stesheni ya kisiwani na Miritini, pamoja na daraja la reli la Makupa. Abiria wanaokwenda katikati ya mji wanaweza kuhamia huko, na wanaokwenda Mikindani, Magongo, Port Reitz, Kisauni na Likoni wakabaki na shida ile ile. Ruti zenu zipangwe kwa kuzingatia jambo hilo tangu sasa: zile fupi za mitaa ya karibu na Miritini ndizo zenye maisha marefu, na steji ya pili ifikiriwe karibu na stesheni ya zamani.

Kuhesabu abiria

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Jimbo la California lina mpango wa kufadhili usafiri safi katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo, fedha zake zikitokana na mnada wa vibali vya kutoa hewa chafu, na mpango huo ulitenga ruzuku ya tathmini ya mahitaji peke yake, mbali na ruzuku ya magari. Dar es Salaam nako, mradi wa SOLUTIONSplus uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ulijaribu bajaji za umeme kama njia ya kuwafikisha abiria kwenye vituo vya mabasi ya mwendokasi. Huko kote swali la kwanza lilikuwa abiria anatoka wapi na anakwenda wapi. Swali la chombo gani lilifuata baadaye.

Nilikaa nje ya stesheni asubuhi tatu nikiwa na daftari la mistari na kalamu mbili. Nilichora safu tano: saa, anakokwenda, idadi ya watu aliofuatana nao, mizigo, na nauli aliyolipa. Asubuhi ya pili alitoka mama mmoja mwenye begi la kuvuta, kapu lililofungwa kwa kamba ya katani, na mtoto aliyelala begani. Nilimwamkia, nikamuuliza aendako. "Bangladesh, mwanangu," akajibu, akimaanisha ule mtaa wa Mikindani, "lakini hawa wote wanataka kunipeleka mjini." Madereva waliompita hawakuwa na ubaya, safari ya Mikindani ni fupi, na dereva mwenye hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni huona amepoteza foleni kwa pesa kidogo. Niliporudi nyumbani nikahesabu mistari ya namna yake, nikaona ndiyo inayostahili kuandikwa juu kabisa katika ombi, maana kaunti hulipa penye pengo ambalo soko limeshindwa kuliziba, wala haina sababu ya kulipa pale ambapo tuktuk za petroli tayari zinagombania abiria.

Hesabuni kwa siku saba zisizopungua, siku za kazi na za mapumziko, kwa kila treni inayofika na inayoondoka, na katika wiki moja ya shule kufungwa ikiwezekana. Wekeni watu wawili kila zamu ili mmoja akihoji mwingine ahesabu. Andikeni wazi walemavu na wazee waliohitaji kusaidiwa kupanda, kwa kuwa sakafu ya chombo na urefu wa ngazi yake vitatokana na idadi hiyo. Msiiongeze idadi yoyote. Afisa mmoja akienda kuhesabu asubuhi moja na kukuta nusu ya mlichoandika, faili lenu limefungwa.

Kikundi chenye karatasi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu haina siri. Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikiwa na watu wasiopungua kumi. SACCO husajiliwa kama chama cha ushirika, nacho pia huanzia watu kumi. Iwapo mnataka kukopa kwa ajili ya vyombo na kulipana gawio, SACCO ndiyo inayofaa. Andaeni cheti, katiba, akaunti ya benki yenye watia saini watatu, namba ya PIN ya kikundi na cheti cha kutodaiwa kodi kutoka KRA, na kumbukumbu za mikutano zilizotiwa saini. Kila dereva awe na leseni ya daraja A3. Jambo moja mlimalize mapema na kwa maandishi: dereva anayeendesha kwa hesabu ya tajiri atakuwa nani katika kikundi hiki, mwanachama anayemiliki hisa au mwajiriwa, kwani fedha zikifika kabla ya swali hilo kujibiwa, kikundi huvunjika.

Kuomba steji na umeme

Umeme ndio moyo wa hesabu yenu, na serikali tayari imeweka msaada wake humo. Aprili 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa zisizo na msongamano, kwa mteja anayetumia hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Bei hiyo ni ya msingi, na juu yake huja tozo za mafuta, za fedha za kigeni na kodi. Ilipangwa kwa kipindi cha kuishia Juni 2026, kwa hiyo chukueni ratiba ya bei inayotumika siku mnapoandika ombi. Saa za nafuu, kwa siku za kazi, ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili ni siku nzima.

Tuchukue mfano wa tuktuk yenye betri ya uniti 7.5. Kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, mita itasoma kama uniti 8.5 hivi. Kwa bei ya usiku, hiyo ni shilingi 68 kabla ya tozo. Kwa bei ya mchana ni shilingi 136. Chombo kikichajiwa hivyo kila siku kitakula uniti 255 kwa mwezi, na kikomo cha uniti 15,000 kitatosha vyombo 58 kwenye mita moja. Wekeni kando ya hesabu hiyo risiti zenu za petroli za mwezi uliopita, si makadirio, kisha mwacheni msomaji wa ombi aone tofauti mwenyewe.

Hapa Miritini pana mkanganyiko ambao mgeni hauoni. Saa za umeme wa nafuu ndizo saa za treni ya usiku. Vyombo vyote vikifungwa kwenye chaji saa nne, hakuna wa kumpokea abiria wa alfajiri, na huyo ndiye abiria anayehitaji huduma kuliko wote. Gaweni vyombo mafungu mawili: fungu la kwanza liingie kwenye chaji saa nne na litoke saa nane usiku kwenda kusubiri treni, fungu la pili liingie saa nane na litoke saa kumi na mbili asubuhi. Kipindi hicho chenye urefu wa saa nne kinatosha betri ndogo ikiwa chaja ina nguvu ya kilowati mbili na nusu hivi, na kwa hiyo idadi ya soketi mnayoiomba ni nusu ya idadi ya vyombo. Ombi linaloeleza hivyo huonyesha kwamba mwandishi wake ameifikiria kazi, na gharama ya waya na transfoma hupungua kwa sababu mzigo wa umeme umegawanywa.

Mita iwe peke yake. Bei maalumu haipatikani kwenye mita inayowasha pia duka la soda na taa za msikiti wa jirani. Sehemu ya kuchaji ifuate miongozo ya EPRA ya mwaka 2023 kuhusu vituo vya kuchaji na kubadilishia betri, na fundi wa nyaya awe mwenye leseni. Kwa kaunti ombeni basi vitu hivi: kiwanja kilichoinuliwa juu ya maji ya masika, paa, sakafu ya zege yenye mteremko na mfereji, taa, choo, na gharama ya kuvuta umeme hadi kwenye mita. Paa likiwa la mabati ya kawaida lijengwe kwa nguvu ya kubeba paneli za sola baadaye, hata kama fedha za paneli hazipo sasa.

Kuna pia fedha za tabianchi. Mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wabia wengine, hupitisha fedha katika kaunti, na vipaumbele hupendekezwa na kamati za wadi. Kwenda huko na ombi la tuktuk pekee ni kupoteza nauli. Lengo kuu la mpango ni kuwasaidia wananchi wastahimili ukame, mafuriko na joto, na mbele ya kamati ya wadi, tuktuk ikishindana na kisima, kisima kitashinda, na ni haki kishinde. Lakini steji inayowapa abiria kivuli, inayoondoa maji ya mvua yanayoziba njia ya waendao kwa miguu, na inayovuna maji ya paa, ina nafasi ya kusikilizwa. Andikeni mnachokitoa kwa wadi nzima, wakiwemo wasiopanda tuktuk.

Kalenda ambayo haimngoji mtu

Mwaka mmoja kikundi nilichokisaidia kuandika kilipeleka ombi lake mwezi wa Juni, likiwa limepigwa chapa vizuri na kuambatanishwa picha. Afisa aliyelipokea katika ofisi moja alilisoma lote, akalisifu, kisha akatuambia kwamba kitabu cha mwaka ule kilishafungwa. Tulikasirika siku ile. Baadaye nilipoisoma Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 niliona kwamba tulichelewa takriban miezi kumi.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi yake huanza karibu mwaka mmoja kabla. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa bungeni, yaani kwa bunge la kaunti, kufikia tarehe 1 Septemba. Tathmini ya mapato na matumizi hukamilishwa kufikia tarehe 30 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka dari ya kila idara, hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Jambo ambalo halimo katika Mpango wa Septemba huwa na kazi kubwa ya kuingia Aprili, kwa sababu wakati huo dari zimeshagawanywa na kila idara inalinda chake. Kwa hiyo kuhesabu abiria kufanyike Aprili na Mei, ombi liandikwe Juni, na Julai lifike kwa idara ya usafiri na kwa mwakilishi wa wadi, ili liwahi Mpango wa Septemba wa mwaka wa fedha utakaofuata.

Mpango huo wa mwaka nao hutokana na mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni wa mwaka 2023 hadi 2027. Utafuteni, msome sura ya usafiri na ile ya mazingira, na mnakili sentensi inayozungumzia usafiri wa umma, maegesho au nishati safi. Ombi lenu lianze na sentensi hiyo pamoja na ukurasa wake. Mtumishi wa umma anayetaka kuwasaidia anahitaji mahali pa kulitundika ombi lenu, na ninyi ndio mnaompa msumari. Mpango wa miaka mitano unaofuata utatayarishwa mwaka 2027, na huo ndio wakati wa kuhakikisha kwamba maneno "usafiri wa kuunganisha stesheni za reli" yameandikwa humo kwa ukamilifu wake.

Katika mikutano ya ushiriki wa umma, msemaji wenu hupewa dakika mbili au tatu. Asizitumie kulalamika juu ya bei ya petroli. Asimame, ataje wadi, ataje mstari wa bajeti, ataje kiasi, na akabidhi waraka wa maandishi huku akiomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Huu hapa mfano wa maneno yake: "Naitwa fulani, katibu wa kikundi fulani, wadi ya Miritini. Tunaomba idara ya usafiri iingize steji ya kuchajia tuktuk yenye soketi kumi katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Tumehesabu abiria wa siku saba, na jedwali liko ukurasa wa pili. Kikundi kitanunua vyombo kwa mkopo wake, nasi hatuombi kaunti itununulie chombo hata kimoja." Sentensi ya mwisho ndiyo itakayowafanya wainue vichwa.

Huduma ya usiku huombwa kwa mlango mwingine. Kaunti ikitaka treni ya alfajiri ihudumiwe kwa nauli iliyowekwa, inaweza kuinunua huduma hiyo kwa zabuni chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, na asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi chenu kijisajili katika mpango huo, AGPO, hata kabla zabuni haijatangazwa. Pendekezeni malipo kwa zamu iliyofanyika, kwa kiasi kinachojulikana, badala ya malipo kwa kila abiria, maana usiku wa abiria wachache ndio usiku ambao dereva hushawishika kubaki nyumbani.

Mkopo wa vyombo

Nchini India, mpango wa FAME II ulioanza mwaka 2019 na kumalizika Machi 2024 ulipunguza bei ya chombo cha magurudumu matatu kulingana na ukubwa wa betri yake, rupia 10,000 kwa kila uniti. Kwetu msaada wa serikali umepita zaidi kwenye kodi na kwenye bei ya umeme, kwa hiyo fedha za kununulia vyombo ni za kukopa.

Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu bila riba, ikitoza ada ya usimamizi ya asilimia 3, na huhitaji kikundi kiwe kimekaa angalau miezi sita tangu kusajiliwa. Kiasi chake, shilingi 50,000 hadi 500,000, hakinunui msafara wa vyombo. Kinafaa kwa amana au kwa chaja. Mkopo wa kikundi wa Hazina ya Hustler, uliozinduliwa Juni 2023, hufika hadi shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Hazina ya Vijana na Hazina ya Wanawake zina mikopo inayoongezeka kwa wenye rekodi. Kinachobaki huzibwa na akiba ya SACCO au benki, na benki itauliza swali moja la maana: betri ikifa mwaka wa tatu, nani atalipa? Kwa sababu hiyo baadhi ya wauzaji hukodisha betri na kuuza chombo pekee. Fanyeni hesabu zote mbili kwa miaka mitano, msidanganywe na bei ndogo ya siku ya kwanza.

Juu ya kodi, kuweni waangalifu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka VAT ya asilimia sufuri kwa pikipiki za umeme, baiskeli za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu. Tuktuk haikutajwa kwa jina katika orodha hiyo, na sheria ya fedha hubadilika kila mwaka mwezi wa Julai. Mwambieni muuzaji aandike katika nukuu ya bei namba ya forodha ya chombo chake na kodi anayotoza, kisha mkaiulize KRA wenyewe. Tofauti ya asilimia 16 juu ya vyombo kumi ni chombo kizima na zaidi.

Nukuu hiyo hiyo ieleze mambo ambayo hewa ya Mombasa huyadai. Chumvi ya bahari hula vichwa vya nyaya, kwa hiyo ulizeni viungio vimefunikwa kwa nini na vinasafishwa kila baada ya muda gani. Kisanduku cha betri kiwe na kiwango cha IP67, maana yake kinahimili kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, jambo ambalo mtu aliyeendesha Mombasa mwezi wa Mei hatauliza sababu yake. Betri iwe ya lithiamu. Ile ya risasi na asidi ni rahisi kununua lakini huzeeka baada ya mizunguko mia kadhaa ya chaji, ilhali ya lithiamu-chuma-fosfati huenda zaidi ya elfu mbili. Dhamana itaje miaka, kilomita, na kiasi cha uwezo kitakachokuwa kimebaki. Kabla ya kulipa amana, ombeni chombo kimoja kwa siku mbili, kipakieni abiria watatu na mizigo yao, mkipandishe kutoka Kibarani hadi Changamwe wakati wa adhuhuri, na muandike asilimia ya betri mlipoanza na mlipofika.

Baada ya kupitishwa

Mradi ukionekana katika makadirio yaliyopitishwa, chukueni nakala ya ukurasa wake, kwa kuwa jina la mradi humo ndilo mtakalolitumia katika kila barua. Robo mwaka ikipita bila dalili ya kazi, andikeni ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo humpa afisa siku 21 za kujibu. Ulizeni maswali matatu tu: zabuni imetangazwa lini, imepewa nani, na kazi inaanza tarehe gani. Lugha iwe ya heshima, bila shutuma, na nakala iende kwa mwakilishi wa wadi.

Siku umeme utakapowashwa, katibu apige picha ya namba ya mita na asome bili ya kwanza mstari kwa mstari pamoja na mweka hazina. Atafute jina la bei ya vyombo vya umeme, alinganishe uniti za usiku na za mchana na daftari la zamu, na akikuta mita imewekwa katika bei ya biashara ya kawaida, aende ofisi ya umeme siku hiyo hiyo akiwa na barua ya maombi na picha ile mkononi, kabla bili ya pili haijatoka.